Kupinda kwa Makusudi

Mama Nekesa alinionyesha mchoro wa mwanawe,
krayoni ya zambarau mgongoni mwa mfuko wa unga:
paa limekaa upande kama kofia iliyokaliwa,
dirisha moja la mviringo, jingine bado halijaamua,
bomba la moshi limejikunja mkia wa kinyonga.
"Hivi hivi, Fundi Mulwa," akasema. "Usininyooshee."

Miaka ishirini na miwili natengeneza vitanda Dagoretti Kona,
na kila mteja huja na jicho moja amelifumba,
analenga ukingo wa ubao kama mwenye bunduki.
"Fundi, hapa pamepinda."
Nimekatwa pesa kwa unene wa ukucha.
Kivuva aliyenifunza kazi alinichapa vidole
kwa rula ya chuma, kisa droo iliyocheka.
Leo nalipwa nipinde, na mkono umegoma.

Siku ya kwanza nilisimamisha nguzo nne,
nikarudi nyuma kuzitazama:
zimenyooka kama polisi kwenye gwaride.
Nekesa, miaka sita, viatu vya mvua bila mvua,
akazizunguka mara mbili, akauliza,
"Hii ni ya nani?"

Basi pimamaji nikalifunika koti lisione.
Nikakata pau huku macho nimewaazima kwarara
waliokuwa wakigombana juu ya mjakaranda.
Wapi.
Kupinda kwa bahati mbaya kuna sura ya makosa.
Kupinda kwa makusudi kunataka hesabu:
huku inchi mbili, kule nne na robo,
la sivyo mlango utakataa kufunga
na mvua ya Aprili itaingia bila hodi.
Penseli ikatoka sikioni, ikarudi, ikatoka.
Nilifuta zaidi ya nilivyoandika.

Vigae nilivikata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia,
kimoja kimoja, mfano wa magamba ya samaki.
Kimoja kilibaki na nusu ya jogoo wa nembo.
Nilipochovya brashi, Nekesa akaning'ang'ania mkono.
"Huyo usimpake. Huyo anaishi juu."

Siku ya kumaliza alinikaribisha.
Niliingia kwa magoti, kisha kwa bega,
kisha kwa kudra za Mungu.
Akanipikia chai ya maua ya bogonvilia
katika kifuniko cha soda. Sukari ilikuwa mchanga,
nikaomba kijiko cha pili.
Akanidai kodi ya nyumba, shilingi kumi.
Nikatoa ishirini. Chenji hana.

Miaka tisa baadaye askari wa lango akanipigia:
"Fundi, huku Kileleshwa wanaleta ghorofa kumi na nne.
Tingatinga ni kesho. Kijumba chako
wamesema anayekitaka akibebe."

Tulikwenda watu watatu na mkokoteni.
Mjakaranda ulikuwa umeshalala chini, kwarara hawapo.
Ndani tulikuta kifuniko kimoja cha soda,
buibui mpangaji,
na ukutani, kwa krayoni ya zambarau, *Fundi anadaiwa 0.*

Kwenye ule mteremko wa kushukia mtoni
mkokoteni uliinama, na nyumba ikasimama wima,
paa sawa, nguzo sawa, bomba limetazama juu.
Nikaona aibu kwa niaba yake.
Nikawaambia vijana, sukumeni haraka,
tufike tambarare, ipinde tena.

Sasa iko kando ya karakana yangu.
Atemo anashonea viatu humo; ni mfupi, imemkubali.
Kodi ananilipa kwa kunitilia soli.
Nusu ya jogoo bado anaishi juu.

Jana mteja wa kabati alisimama mbele yake,
akafumba jicho moja.
"Fundi," akasema, "hapa pamepinda."

"Ndiyo," nikamwambia.
"Huku inchi mbili. Kule nne na robo."