Uzi wa Kijani

Faki hufungua lango saa moja kasorobo,
si kwa ajili yangu: kwa mpunga wa bonde la Weni
na zamu za maji zilizoandikwa kwa chaki ukutani.
Mie nimeshafika. Kanga nimeipandisha magotini,
ufito wa mwanzi mkononi,
miguu ndani ya maji yatokayo chini kabisa ya bwawa,
maji yasiyolijua jua.
Baridi yake huuma kama deni.

Jana usiku, badala ya kumaliza kofia ya Mselem
(harusi Ijumaa, mama yake keshapita mara tatu),
nilichukua unyoya wa shingo ya jogoo,
nikaulaza juu ya ndoana ndogo,
nikaufunga kwa uzi wa kofia, hariri ya kijani,
mzunguko kwa mzunguko,
kama nishonavyo tundu la kiua.
Fundo la mwisho nililikata kwa meno.
Kikawa kidudu.
Si nzi, si panzi, si kumbikumbi:
kitu ambacho perege, kwa njaa ya asubuhi,
anaweza kukisamehe.

"Bi Time!" Faki huniita toka juu ya ukuta,
"chimba nyungunyungu chini ya mgomba,
ujaze ndoo, urudi kushona!"
Simjibu. Anayejibu hurusha vibaya.

Narusha.
Uzi unapanda nyuma yangu, unanyooka
(hapo ndipo pagumu, kuungoja usikokuona),
kisha mbele, juu ya povu, kidudu kinatua
kama mtu aingiaye msikitini amechelewa.

Mara ya kwanza, hakuna. Ya pili, jani la mpunga.
Ya tatu maji yanakonyeza,
ufito unainama.

Nilimwona. Ubavu mpana, pezi lenye wekundu pembeni,
shubiri moja na nusu; mbili, nikisimulia.
Akakimbilia kwenye mngurumo wa lango,
na Faki, wallahi sijui kwa kusudi,
akalizungusha gurudumu tena.
Maji yakapanda mapajani.
Nikarudi kinyumenyume, ufito mwepesi ghafla,
mwepesi kama bahasha isiyo na barua.

Nyumbani, hariri haikutosha.
Kiua cha mwisho, kule kwenye kisogo,
nimekishona kwa kijani kingine, cha dukani.
Mama Mselem hakuona. Kalipa, kaondoka.

Ijumaa watamtazama bwana harusi,
na chini ya lango, kwenye maji baridi,
yupo mwenziwe aliyevaa uzi ule ule mdomoni,
wala hakualikwa.