Wingi wa Mkunga

Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa mkunga wa Lindi.
Watoto mia nne na kitu; aliacha kuhesabu
mwaka ule daftari lake lilipoliwa na mchwa.
Mimi, hapa Gloucester, ni mtu wa mikunga.
Simu inakatikakatika, yeye anasikia nusu:
"Alhamdulillahi, umerithi!"
Hapana, Mama. Wale wa majini. Wale warefu.
Kimya. Kisha: "Ulaya yote hiyo,
ukaenda kusomea nyoka?"

Si nyoka, Mama.

Miaka sita nilibadilisha mashuka Tewkesbury,
nyumba ya wazee karibu na mto Severn.
Bwana Prosser wa chumba namba tisa, mapafu yamechoka,
usiku mmoja wa Machi alisikia maji ya bamvua
kabla yangu, kabla ya mbwa wa jirani.
"Shuka na tochi," akasema. "Na chujio la chai."
Nilishuka na sare yangu na viatu vya kazi.
Nikachota.
Ndani ya chujio: nyuzi za kioo,
kila uzi na nukta mbili nyeusi za macho,
na chini ya macho, moyo.
Mwekundu. Unadunda.
Nauona, na sijapasua kitu.

Nilichelewesha dawa za vyumba vitatu.
Nikaandikiwa onyo.
Ninalo bado, nimelitia fremu:
ndicho cheti changu cha kwanza.

Basi nikaanza upya. Kemia ya jioni, umri thelathini na nne,
pembeni mwa vijana wanaotafuna chingamu.
Seli niliijua kwa chaki, enzi za sekondari:
duara, kiini, mishale, na mwalimu akafuta
kabla sijamaliza kunakili.
Sasa nikaiona ikijigawa mbele yangu, taratibu,
kama mtu anayevua fulana iliyombana,
na machozi yakalowesha hadubini ya watu.
Fundi wa maabara akadhani nina mzio.

Takwimu nilianguka. Nikarudia.
Bwana Prosser alifariki wiki ya mtihani wa vinasaba;
nilijibu maswali manne kati ya matano
na la tano nikaliacha jeupe.

Kichwani mwa mkunga mna kijiwe,
kidogo kuliko punje ya ulezi.
Ukikisugua, ukakipaka rangi, kinakuonyesha pete,
pete moja kwa kila baridi aliyoivumilia.
Nilimsoma mmoja wa miaka ishirini na saba:
aliingia mtoni mimi nikiwa darasa la pili,
nikichapwa kwa kuficha viluwiluwi kwenye chupa ya wino.

Na kuna hili, ambalo hata maprofesa
hulisema kwa sauti ya chini kidogo:
hakuna aliyewahi kuliona yai la mkunga huyu baharini.
Tunajua upande anakotoka, ng'ambo ya Atlantiki.
Kuzaliwa kwenyewe, hapana.
Wote hawa, Mama, wamezaliwa bila mkunga.

Hapo alicheka. Nilimsikia akikohoa kwa kucheka.

Lugha yetu imetutenga kwenye wingi tu:
wakunga wenu, mikunga yangu. Hata hiyo "yangu" inanikwaza,
maana wakianza kutembea ni wale wale:
wakunga wanakuja, mikunga wanakuja,
usiku, bila kubisha hodi.

Kazi yangu ni mkataba wa miezi minane.
Kwenye lango la maji tumefunga ngazi ya brashi
wapande wasiojua kuruka; mimi nakaa juu na ndoo,
vidole vimekufa ganzi, nahesabu.
Bwana Prosser alihesabu kwa ndoo. Mimi nahesabu mmoja mmoja.
Sijui mwakani nani atalipia tochi.

Saa nane usiku, kwao alfajiri, Mama amepiga.
Hakuuliza nakula nini, wala mume.
"Wangapi leo?"
Sitini na watatu.
Akanyamaza, kama anayenawa mikono.
"Wote wazima?"

Wote wazima, Mama.