Nafasi ya Sitini na Moja

Jana sokoni Usoke mteuzi alipita
katikati ya marobota, mkono mmoja mfukoni.
Alichomoa jani, akalinusa, akalikunja,
akataja daraja. Karani akaandika.
Msimu mzima wa baba yake Mihayo
ukawa herufi mbili na tarakimu.

Nikarudi kwenye makaratasi themanini na manne
ya Darasa la Nne. Nikashika kalamu nyekundu,
nikauona mkono wangu wa kushoto:
mfukoni.

Mihayo, mwezi wa pili, alikuwa bani,
akichochea kuni usiku kucha,
maana moto wa tumbaku haujui kengele.
Wiki hizo mbili tulifundisha sehemu.
Swali la saba hadi la kumi na mbili: sehemu.
Ameyaacha wazi, safi, bila hata kufutafuta,
kama mtu anayesema: hapa sikuwepo.
Niandike sifuri? Sifuri ya nani?
Huyohuyo, jana, mizani ilipotulia,
alimnong'oneza baba yake jumla ya fedha,
makato ya mbolea akiwa ameshayatoa,
karani bado anabonyeza kikokotoo.

Swali la ishirini: Taja vyombo vitatu vya usafiri wa majini.
Nyamizi, ambaye maji mengi kwake ni lambo la ng'ombe,
kaandika: meli, mtumbwi, mlango.
Nikamwita. Mlango?
Akasema, mto ulipofurika
mama alinivusha juu ya mlango wa jikoni.
Mwongozo wa kusahihisha hauna mlango.
Nimempa alama yake.
Anayebisha aje aukague, bado uko jikoni.

Lakini nisijipambe.
Kashindye nilimkosea.
Mwaka mzima, dawati la mwisho, karibu na madumu ya maji,
nilimpa kumi na moja kwa hamsini, tisa, kumi na mbili,
nikaongeza kwa mwandiko wangu mzuri: Hajitumi.
Hadi asubuhi alipoliamkia koti langu
lililotundikwa mlangoni mwa ofisi.
Shikamoo, mwalimu.
Akasubiri lijibu.

Nilimketisha kizingitini, nikamsomea maswali yaleyale
moja baada ya jingine. Thelathini na nane.
Mtoto hakubadilika usiku ule.
Siku zote hizo nilikuwa napima macho,
na umbali wa ubao,
na uvivu wangu wa kuuliza.
Lile neno kwenye faili nimelikata kwa mstari mmoja,
mwembamba, ili lisomeke,
nikatia tarehe na saini.

Mwalimu Mkuu Sizya anataka nafasi.
Wazazi, anasema, bila nafasi watajuaje?
Najua wanavyojua.
Mimi nilibandikwa mlangoni kule Ndala,
na baba alisoma kwa kidole kuanzia juu,
jina kwa jina, taratibu, kwa matumaini,
hadi kidole kikasimama kwenye sitini na moja.
Hakusema kitu. Tulikuwa na kilomita sita za kutembea.

Sisemi wote wapewe mia.
Huruma isiyopima ni dharau iliyovaa kanga mpya:
inamwambia mtoto, kwako sitarajii neno.
Nasema, pima ulichofundisha,
kisha pima tena kwa njia nyingine, asubuhi nyingine,
mtoto akiwa ameshakunywa uji.
Na ukikosea, andika kwamba umekosea
kwa wino uleule.

Fomu ya ripoti imeniachia mistari miwili ya nukta,
Maoni ya Mwalimu.
Ya Mihayo yamejaa hadi pembeni, nimegeuza nyuma.
Sizya atanung'unika.

Yamebaki themanini na moja.
La juu halina jina.
Kesho, kabla ya kalamu,
nitauliza ni la nani.