Dindo Akingoja Wakwe

Saa nane dindo alitoka katika oveni ya jirani,
ngozi rangi ya shaba mpya, mafuta yakichuruzika ubavuni,
na Numbi, mke wangu, akasema:
Haya, sasa ndipo kazi inapoanza.

Nikacheka. Kazi gani tena?
Wakwe wametoka Likasi tangu asubuhi,
saa tisa watakuwa mlangoni wakipangusa viatu.

Saa tisa ikafika peke yake.
Baadaye simu ikalia: gari limelala barabarani,
fundi amefuatwa kwa pikipiki,
msijali, tuko njiani.
Tuko njiani: maneno marefu kuliko njia yenyewe.

Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya tanuru,
hapa hapa Lubumbashi, chini ya dohani ile ndefu,
shaba ikimiminika kama uji wa jua.
Nani atanifundisha moto?
Nikamwambia: mwache mezani, mfunike kitambaa.
Ndege mzima ni heshima,
baba mkwe amkute na kifua chake.

Akanitazama kama mtu anayetazama chumvi iliyolowa.
Mezani? Na joto hili la Oktoba?
Cha moto kinamuunguza mdudu, cha barafu kinamlaza,
lakini vuguvugu, Baba Kyungu,
vuguvugu ni kitanda chake cha harusi.

Akaburuta lile sanduku la barafu, la bia za sikukuu.
Akalimwagia maji ya moto, akalifunga, akayamwaga.
Chini matofali mawili kutoka jikoni,
yamevikwa taulo kuukuu,
juu yake dindo ndani ya sufuria, kifuniko kimebana,
na blanketi la mjukuu juu ya vyote.
Sanduku halijui baridi wala joto, alisema,
linatunza tu ulichokipa.
Nikanyamaza. Nilikuwa nikifikiria watu.

Saa kumi na moja akafungua kidogo,
akagusa paja. Kidole hakikuruka.
Kisu, akasema.

Hapo tuligombana.
Kapya, anayekuja kuposwa,
alijifanya anachambua mchele uliokwisha chambuliwa.
Watasema tumewalisha vipande! nikafoka.
Numbi hakupandisha sauti:
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mgeni je, yeye asipone?

Nikakumbuka siku moja kiwandani,
shaba imejaa katika ndoo kubwa ya chuma,
na msimamizi anangoja amri ya mkubwa wake.
Ikaganda humo humo.
Tuliichonga kwa nyundo siku nne.
Moto haumsubiri mkubwa.

Nikanoa kisu mwenyewe.

Nyama ikaachana na mifupa, ikazama kwenye mchuzi unaotokota
juu ya mbabula, na mimi, fundi wa tanuru,
nikakabidhiwa kifuniko cha ndoo nipepee makala.
Kwanza uchemke hasa, alisema, mpaka katikati.
Kisha utulize, nyama isiwe kamba,
lakini usiulaze:
vipovu vinne vitano pembeni, visinyamaze kamwe.
Nilivihesabu mpaka giza likaingia,
umeme ukakatika, nikaendelea kuvihesabu kwa sikio.

Walifika saa tatu kasoro, grisi mpaka kwenye tai.
Baba mkwe akachovya tonge la bukari,
akaungua ulimi, akatoa macho,
akasema: Nyumba hii ina moto!
Hakuuliza kifua kiko wapi.
Kwenye mahari aliomba apunguziwe mbuzi wawili.
Nikampunguzia mmoja, kwa ajili ya ulimi wake.

Saa sita usiku sufuria bado ina nyama
na friji imekufa pamoja na taa.
Nikasema: tufunike, kesho asubuhi...
Sikumaliza. Numbi alikuwa amekwisha nipakia sahani tatu
na tochi mdomoni,
nikatoka hivyo, mzee mzima, siwezi hata kubisha,
nikigonga milango kwa kisigino,
wa kwanza ule wa mwenye oveni.