Nyuzi za Kome

Asubuhi hii winchi imepandisha kamba nyepesi.
Baba hakusema kitu. Aliipitisha kidole,
akahesabu mapengo kama kwenye ufizi wa mtoto.
Mwaka jana, kwenye boriti hiihii ya mkalitusi,
kamba ilikuja imevaa kome tangu juu hadi chini,
weusi, wamebanana kama ndugu msibani.

Iria wa maabara alitoka Vigo
na viatu visivyojua utelezi.
Akamfunga kome mmoja kwenye mizani ya ndoano, akavuta.
Uzi ulikatika kabla mshale haujafika ulikozoea.
"Tazama, Uxía. Bado anasokota.
Ila anasokota uzi mbovu."

Kome hana mkono. Ana uzi tu,
autoao mwilini akaubandika kwenye dunia,
akasema: hapa, na mawimbi yapite.
Sasa wanaachia usiku, mmoja mmoja,
wanazama topeni
ambako viti vya pweza vimekwisha kaa mkao wa kula.

Kisha Iria akataja vilivyomo majini,
polepole, kama asomaye majina ya marehemu:
dawa ya maumivu, dawa ya presha,
homoni za kupanga uzazi,
dawa ya huzuni.
Mtambo wa majitaka hunasa nywele, mafuta, vitambaa;
hizi hupita, hazina umbo la kunaswa.

Baba akayatazama magoti yake.
Kila jioni huyapaka jeli,
kila alfajiri huyaosha, na maji huenda zake.
"Mimi ni mzee mmoja," akasema.
Iria akajibu kwamba ghuba nzima ina magoti.

Mimi nilinyamaza.
Kidonge changu ni cheupe, nusu ya ukucha.
Tangu Brais azikwe, ndicho kiniamshacha,
kinivikacho buti, kinishikizacho hapa
juu ya mbao zinazocheza.
Ila mwili hauli chote. Hurudisha chenji.

Sitakiacha. Nilijaribu Februari:
siku tisa nikiutazama ukuta,
na ukuta ukinitazama.

Leo nashusha kamba mpya.
Mbegu nimezifunga kwa wavu wa pamba,
mizunguko miwili badala ya mmoja.
Baba anauliza mbona napoteza wavu.

Nasema: ili washike.
Nasema: mpaka wazoee.
Anajua kwamba sijui. Ananipa kisu, nikate.