Ndoo ya Nyanya

Studio Mutonkole, hatua chache kutoka soko la Kenya,
ndiko nilikojifunza kazi kwa masikio:
yote mawili yaonekane, alisema bosi,
ukuta mweupe, kidevu juu, usicheke,
serikali haipendi meno.
Miaka sita nimepiga masikio ya Lubumbashi.
Nipite nyuma yako kwenye foleni ya maji,
nitakutaja jina kwa ndewe tu.

Usiku nikawa mwizi.
Kwenye simu yenye ufa niliiba ukungu wa huyu,
kivuli cha yule,
na wazimu wa mwingine aliyetikisa kamera ndani ya treni
hadi miti ikawa michirizi.
Nikataka michirizi yangu.
Nikapanda nyuma ya baiskeli ya makala, njia ya Kasenga,
nikatikisa, nikatikisa,
nikarudi na mgongo mweusi
na picha za mtu aliye ndani ya treni.

Kisha mvua za Desemba, nyanya za mama zikaugua.
Akaloweka jiwe la buluu kwenye ndoo
kama alivyofundishwa na baba, enzi za Gécamines,
mshahara ulipokuja na gunia la unga.
Filamu ikanidondoka humo. Siku nne sikujua.
Nilipoisafisha, shangazi Kabedi hakuwemo.
Kitenge chake cha sikukuu hakuna, kiti hakuna.
Palikuwa na wekundu uliotambaa kutoka ukingoni,
ukameguka,
ukasita,
ukapinda kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya beseni lililofudikizwa,
nikaona aibu, kama umekuta mwandiko wako
kwenye ukuta wa jirani
na hukumbuki kuandika.

Basi daftari. La shule, la mistari:
maji ya buluu, usiku mmoja: hafifu.
Siku mbili, pamoja na tope la mtoni: imeungua.
Kutu ya bati la paa, ndimu, jua la saa sita: labda.
Mkojo wa mbuzi: hapana, na mama asijue.
Filamu kumi na saba zilikufa.
Ya kumi na nane nayo ilikufa, lakini vizuri.

Nikamwonyesha bosi. Akaipindua juu chini, chini juu.
"Ni nani huyu?"
Mlango wetu wa Katuba, nikasema.
"Na masikio?"
Hata hivyo akaibandika dirishani,
kati ya maharusi na marehemu,
labda kwa sababu pale kioo kilikuwa na tundu.

Wiki tatu watu walitengenezea nywele zao humo.
Ijumaa akaja mtu mmoja wa vidole saba,
Banza Kyungu, alivyojitaja,
akasimama hadi mikate aliyonunua ikapoa.
"Nani alikuruhusu kuingia na kamera
tanuru la tatu, zamu ya usiku?"
Sijawahi kuingia. Baba alitoka huko na kikohozi,
neno hakuleta hata moja.
Nimepiga mlango, nikamwambia, nikautia kwenye ndoo.
Ndoo ya nyanya.
Akacheka kwa pua.
Akaweka kidole kwenye kioo, pale wekundu unaposita:
"Hapa ndipo tulipokuwa tunarudi nyuma."

Sijui kama huo ndio unaoitwa mtindo.
Najua mkono wangu una haraka mwanzoni
na woga karibu na ukingo,
nami nimeacha kuutafutia dawa.
Leo nimezamisha nyingine, mlango uleule.
Mama yuko uani, ananiita majina yote matatu:
nyanya zimetoa madoa tena
na anaidai ndoo yake.