Jivu Nalo Huzaa

Nyumba ya saruji haiungui, alisema baba
siku tuliyohamia Mabela,
akaupiga ukuta kofi kama anayenunua punda.
Na kweli, ukuta haukuungua.
Upo mpaka leo, mweusi kuanzia kiunoni kwenda juu;
tumeupaka rangi mara mbili, weusi unarudi.
Vilivyoungua ni vyetu: mazulia, mapazia,
sponji la makochi, kanzu nne za arusi.
Saruji ilifanya kazi ya tanuri.
Ililitunza joto.

Darini kulikuwa na kidude cheupe
kilicholia kila tulipokaanga sambusa.
Shangazi Mahfudha akapanda kiti, akakitoa betri:
Kinatuaibisha mbele ya wageni,
kama mbwa asiyemjua mwenye nyumba.
Betri tuliikuta baadaye kwenye droo ya vijiko,
imelala na risiti za umeme. Nzima.

Hatukuwa wajinga. Tulijua mengi.
Tulijua kuwa mtu akilala, pua yake iko macho,
moshi ukija utamwamsha.
Moshi hauamshi, jamani. Moshi unabembeleza.
Huingia kwa adabu, kama mgeni wa baada ya Isha,
na wewe unaota uko kwenye falaji,
maji yamekufika kidevuni,
na huoni sababu ya kutoka.

Ilikuwa Agosti. Mama alikuwa amefukiza kanzu
kwa ajili ya arusi ya Khuludi.
Alipomaliza akatazama chetezo:
jivu limetulia, la kijivu, baridi kwa macho.
Akalimimina katika ndoo ya plastiki
nyuma ya mlango wa stoo, penye maboksi.
Moto huzaa jivu, hilo tulifunzwa tangu utotoni.
Hatukufunzwa kwamba jivu nalo huzaa.

Mimi niliokolewa na hasira.
Sijui niliseme vipi. Tuligombana, mimi na Rayya,
kwa ajili ya chaja ya simu,
nikaubamiza mlango wangu hadi bawaba zikalia.
Na kwetu milango haifungwi usiku.
Mlango wazi ndio usalama, husema mama,
likitokea jambo tusikiane.
Moto nao ulisikia.
Ulimwendea Rayya bila kubisha hodi.

Mlango wangu, ubao ule mwembamba wa bei rahisi,
ukavimba, ukatoka malengelenge upande wa pili,
ukasimama.
Dirishani kulikuwa na nondo za kuzuia mwizi.
Miaka tisa, mwizi hakuja hata siku moja.
Walikuja vijana wa zimamoto na msumeno,
wakazikata ili nipite mimi.

Rayya walimtoa mlangoni, amebebwa kama gunia la mchele.
Yu hai. Sauti yake sasa ina changarawe.

Baba alikuwa ameungua mkono.
Jirani mmoja akaja na dawa ya meno,
mwingine na asali ya milimani, ya bei mbaya.
Maji tu, akasema kijana mmoja kwa Kiarabu,
ya bomba, muda mrefu.
Tukafungua bomba: Agosti, tangi liko juu ya paa,
maji yakatoka ya kupikia chai.
Baba akacheka. Wallahi, alicheka.
Tukammiminia maji ya kunywa, chupa baada ya chupa,
dakika ishirini, uani, tumevaa nguo za kulalia.

Kijana akauliza moto ulianzia wapi.
Mama akamjibu kwa Kiswahili:
Nilidhani limezimika.
Hakuna aliyemtafsiria.

Sasa mama hulimwagia jivu maji,
husubiri, hulikoroga, humwagia tena,
kisha hutia kidole.
Shangazi hukitukana kile kidude kikilia,
hukipepea kwa sinia, lakini kiti hapandi.
Na kila usiku Rayya hupita kunifungia mlango,
taratibu, bawaba hazilii.

Chaja yangu bado hajanirudishia.